Mlango wa maikrowevu usiufanyie ujanja

Mwangaluka ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, habari za asubuhi mama zangu wa migahawa, na nyie vijana wa benchi mambo vipi. Nashukuru mmefunga vibanda mkaja, najua Jumamosi asubuhi ndo hela inatembea pale Makoroboi na Mlango Mmoja, kwaiyo sitawazungusha, nimekuja kuongelea kitu kimoja tu, mlango wa maikrowevu.

Sa hivi hii mashine iko kila sehemu hapa Mwanza. Iko ofisini, iko saluni, iko kwa mama lishe Igoma, iko geto la mwanachuo kule Malimbe, na nyingi zimekuja zikiwa zimeshatumika na watu wengine miaka, yaani mlango umefunguliwa na kubamizwa mara maelfu kabla haujafika kwako. Alafu ukiharibika spea yake haipatikani kirahisi. Hapo ndo tatizo langu linapoanzia, maana fundi akikosa spea ya mlango na mteja amekaa pale anasubiri chakula cha wateja wake, fundi anachukua kipande cha waya anaunga swichi dairekti, mashine inawaka, mteja anafurahi, hela inaingia mfukoni. Nimeshafungua mashine nikakuta njiti ya kiberiti imeshindiliwa kwenye tundu la swichi. Nyingine nimekuta swichi zote zimepitwa na waya, na ile mashine ilikua inatumika kila siku kwenye jiko lenye watoto wawili wanaocheza mbele yake. Hii kitu lazima iishe jamani.

Ngoja niwaeleze kwanini, na hapa mama zangu msiogope, nitaongea lugha ya kawaida.

Ndani ya ile mashine kuna kitu kinaitwa magnetroni. Ndo kinatoa mawimbi, na yale mawimbi yanakwenda megahezi 2450, urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12. Yakiingia kwenye chakula yanatikisa maji yaliyo ndani, maji yanachemka, chakula kinapata moto. Sasa hayo mawimbi hayajui hii ni nyama ya ng'ombe hii ni mkono wa mtu. Nyama yako wewe nayo imejaa maji. Na sehemu mbaya kuliko zote ni jicho, kwa sababu ile lenzi ya jicho haina damu inayopita kuondoa joto, ikipashwa sana inapata ukungu, mtoto wa jicho, na sehemu za siri za mwanaume nazo hivyohivyo hazipendi joto. Ila niseme ukweli wote maana kuna maneno mengi mtaani: hii sio mionzi kama ya X-ray pale hospitali, haikai kwenye chakula, ukizima imezimika na hakuna kinachobaki ndani. Mtu anayekuambia sato aliyepashwa na maikrowevu ana mionzi anakutisha bure. Hatari iko wakati mashine inawaka na mlango haujafunga vizuri, hapo tu, na hapo ndo tupaangalie kwa makini.

Angalieni kioo cha mlango. Kwa nyuma ya kioo kuna bati limetobolewa vitundu vidogo vidogo, milimita moja mpaka mbili hivi. Nyie watu wa ziwani mnaelewa haraka kuliko mtu yeyote: sato mkubwa hapiti kwenye wavu wa dagaa. Wimbi la sentimita 12 halipiti kwenye kitundu cha milimita moja, ila mwanga unapita, ndo maana unaona chakula kinazunguka. Kwaiyo kinachokulinda ni lile bati, kioo kipo kulinda bati. Kioo kikipasuka watu wanasema aah si kioo tu, tunabandika selotepu. Hapana. Kioo kikipasuka bati linaanza kuguswa, linachomwa na uma, linaingia mvuke na mafuta, linashika kutu, na siku likitoboka tundu kubwa au kuungua sehemu hakuna tena kinga. Usitumie mpaka mlango ubadilishwe. Na ile karatasi ya plastiki ya upande wa ndani mlangoni usiibandue hata kama imechakaa vipi, imewekwa kwa sababu hiyohiyo.

Sasa pembeni ya mlango. Vijana njooni karibu kidogo, hapa wengi hamjawahi kufundishwa. Mlango wa friji una mpira, unabana, hewa haitoki. Mlango wa maikrowevu hauna mpira, ukiangalia utaona una mfereji umezunguka mlango mzima, umefunikwa na plastiki. Kina cha ule mfereji kimepimwa, ni robo ya wimbi, kama sentimita tatu, na kazi yake ni kulirudisha wimbi linalojaribu kutoroka pembeni ili lijiue lenyewe kwa lenyewe. Ndo maana hata kama kuna kaupenyo kadogo kati ya mlango na fremu mawimbi hayatoki. Lakini hesabu ile ni ya vipimo. Ukichukua nyundo ukanyoosha mlango uliobonyea, ukapiga msasa, ukajaza silikoni mle ndani, ukapaka rangi ya gari yenye chengachenga za chuma, umeshaharibu vipimo na macho yako hayawezi kuona umeharibu. Mlango utaonekana mzuri kabisa, umenyooka, unang'aa, na unavujisha. Mlango uliopinda haunyooshwi ndugu zangu, unabadilishwa, na kama mlango wa modeli ile haupo basi mashine imefika mwisho, mwambie mteja hivyo ukimwangalia usoni.

Na ile plastiki inayofunika mfereji ikipotea nayo tatizo, maana mafuta yanajaa mle. Hapa kwetu tunapasha sana samaki, sangara ana mafuta, yanaruka, yanaganda pembeni ya mlango, siku nyingine yanaungua kabisa unaona weusi na cheche. Ukiona alama nyeusi ya kuungua pembeni ya mlango au kwenye fremu, simama hapohapo.

Sasa nifike kwenye swichi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye uhalifu wenyewe.

Mlango una kulabu mbili za plastiki, moja juu moja chini, zina springi. Ukifunga, kulabu zinaingia kwenye matundu ya fremu, zinabonyeza swichi ndogo ndogo zilizo kule ndani. Mashine nyingi zina swichi tatu. Mbili za kwanza kazi yake ni kukata umeme mlango ukifunguliwa, ziko mbili makusudi, moja ikifa nyingine ipo. Ya tatu ndo mafundi wengi hawaielewi. Hii ya tatu ni mlinzi wa zile mbili. Yenyewe inafanya kazi kinyume: mlango ukifungwa imekata, mlango ukifunguliwa imeunga. Kwaiyo ikitokea swichi ya kwanza imeganda, yaani vichwa vyake vimeshikana kwa cheche na imegoma kuachia, wewe ukifungua mlango hii ya tatu inapiga shoti kwa makusudi kabisa, fyuzi inakatika, mashine inakufa palepale. Imekufa ili wewe usipikwe.

Mmeelewa hapo? Mteja anakuja anakuambia fundi mashine yangu kila nikifungua mlango inazima jumla. Fundi anafungua anakuta fyuzi imekatika, anaweka fyuzi mpya, inawaka, kesho imekatika tena. Sasa fundi mvivu anasema fyuzi hizi mbovu, anaweka ya ampea kubwa zaidi, nayo ikikatika anazungushia waya wa shaba. Ndugu yangu, ile mashine ilikua inakupigia kelele kwamba swichi ya mlango imeganda, na wewe umeiziba mdomo. Kuanzia siku hiyo mlango ukifunguliwa hakuna mlinzi wa kuhakikisha magnetroni imezima, na ule waya wa shaba ukipigwa shoti unaweza kuwasha moto nyumba ya watu.

Inavyotakiwa ni hivi. Fyuzi ikikatika wakati wa kufungua au kufunga mlango, unabadilisha swichi ya kwanza na hii ya tatu zote kwa pamoja na fyuzi, hata kama ile ya tatu ukiipima na testa inaonekana nzima, kwa sababu ilibeba shoti kubwa na vichwa vyake vinaweza kua vimeungua, siku ya pili isifanye kazi. Swichi zenyewe ni bei ndogo, zinapatikana, za ampea 16 volti 250, tena swichi za modeli tofauti nyingi zinaingiliana. Ila soma maandishi ubavuni, kuna COM, yaani mguu wa pamoja, kuna NO, imekata mpaka ibonyezwe, kuna NC, imeunga mpaka ibonyezwe. Zile mbili za kukata zinatumia NO, ile mlinzi inatumia NC. Ukizichanganya kinga ya mlango inakua haipo. Piga picha na simu kabla hujachomoa waya hata mmoja, kila waya urudi ulipotoka, ukimaliza pima na testa mlango ukiwa umefunga alafu mlango ukiwa wazi, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Na kulabu ikivunjika msiunganishe na gundi. Najua supaglu inashika, inashika wiki moja, alafu inaachia nusu, mlango unafunga kwa juu huku chini umeachama. Springi ikichomoka irudishe, ikikatika tafuta inayolingana, ila kulabu yenyewe ibadilishe. Kama kwenye mashine mbovu za kwenye stoo yako kuna modeli ileile, toa kule.

Sasa kuhusu kufungua ile mashine, na hili nawaambia vijana na nawaambia pia kina baba wa nyumbani wenye bisibisi na ujasiri. Wengi wenu mmekulia kwenye TV za kichogo, mmezoea kupigwa na ile shoti yake mkacheka. Hii sio ile. Transfoma ya maikrowevu inatoa zaidi ya volti 2000, ikipita kwenye kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme, na dayodi inafika kama volti 4000, na nguvu ya kusukuma iko nyuma yake, inaua mara moja, hakuna kucheka. Na ile kapasita inaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa plagi. Nyingi zina rizista ndani ya kuimaliza chaji taratibu lakini ile rizista ikifa hujui. Kwaiyo chomoa plagi iweke mbele yako uione, subiri, alafu kapasita uimalize chaji kwa rizista iliyofungwa kwenye waya wenye kinga nzuri na mshikio wa plastiki, usiguse kwa mkono kitu chochote mle ndani kabla hujapima. Mkono mmoja nyuma, pete na saa vua. Na hakuna, narudia hakuna, kupima volti za pale ndani mashine ikiwa inawaka. Mwanafunzi asifungue maikrowevu peke yake kwenye kibanda, awepo mtu wa kukata umeme. Kama wewe sio fundi wa umeme, yako ni ya nje tu: kusafisha, kuangalia, kupeleka kwa fundi. Hakuna aibu.

Mama zangu, sasa zamu yenu, na nyie ndo mnaokaa nayo siku nzima.

Mlango msiubamize. Hilo kwanza. Pili usifungue mlango wakati inapika, najua mna haraka, wateja wanapiga meza, lakini kila ukivuta mlango inapika zile swichi zinakata umeme mkubwa kwa nguvu, zinapiga cheche ndani, ndo zinavyoganda. Bonyeza stopu kwanza, ndo ufungue. Taulo la kufutia mikono msining'inize kwenye mshikio, linabanwa na mlango unabaki umeachama kidogo. Mtoto asining'inie, na nyie msiegemee mlango ukiwa wazi wala kuweka sahani ya ugali juu yake, bawaba zinalegea mlango unashuka upande mmoja. Kusafisha, kila jioni kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo, pembeni ya mlango na kwenye fremu yote, kausha. Steliwaya usiiguse kabisa, inakwangua rangi, kutu inaanza, na kwa unyevu huu wa ziwa kutu ikishaanza haisubiri. Na mende. Mende wanapenda joto la ile mashine, wanaingia kupitia matundu ya hewa wanazaliana kwenye swichi na kwenye bodi ya vitufe, nimeshakuta swichi haiwezi kubonyea kwa sababu ya uchafu wao, kwaiyo usafi wa jiko zima nao ni sehemu ya mlango.

Kila mwezi jipe dakika moja uikague. Mlango ukiwa umefunga ushike uvute kidogo, usicheze. Angalia upenyo pande zote, uwe sawa juu na chini. Alafu, kwa ukaguzi huu tu, weka kikombe cha maji ndani, washa, simama pembeni kwa urefu wa mkono, bonyeza taratibu kitufe cha kufungulia. Lazima ikate kabla mlango haujaachia. Kama mlango umeanza kufunguka na bado unasikia mngurumo, au sahani bado inazunguka mlango ukiwa wazi, chomoa ukutani na usiiwashe tena hata kama foleni ya wateja imefika barabarani. Kuna mashine feni na sahani zinazunguka wakati magnetroni imezima, lakini wewe hauna namna ya kujua ipi ni ipi, aichukue fundi.

Kuna dada hapa aliniuliza kabla hatujaanza kuhusu ile habari ya kuweka simu ndani ya maikrowevu iliyozimwa ukaipigia, ikiita basi inavuja. Dada yangu kile kipimo achana nacho. Simu inasikia mawimbi madogo mno, inaweza kuita kwenye mashine nzima kabisa, na mitandao mingine inatumia mawimbi tofauti na ya maikrowevu, kwaiyo jibu lake halina maana upande wowote. Hata waifai ikisumbua mashine ikiwaka sio ushahidi wa hatari, ziko karibu kwenye masafa na waifai inasumbuliwa na kitu kidogo sana. Kipimo cha kweli ni mita ya kuvuja. Kiwango kinachojulikana, Marekani waliweka sheria yake tangu 1971, ni kwamba mashine katika maisha yake yote isivujishe zaidi ya miliwati 5 kwa kila sentimita moja ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mlango, na ikitoka kiwandani iwe chini ya miliwati 1. Unaweka maji ndani kama mililita 275, unawasha, unapitisha mita taratibu pembeni yote ya mlango, kwenye kioo, kwenye matundu ya hewa. Na ukisogea mbali inapungua haraka sana, kwenye sentimita 50 inabaki kama moja ya mia ya ile ya sentimita 5, ndo maana nawaambia msiwe mnabandika uso kwenye kioo kuangalia wali, na watoto wakae nyuma.

Nawaomba mafundi tuchangishane tununue mita moja nzuri ya kikundi, izunguke kwenye vibanda. Kila mlango tulioushika upimwe kabla haujarudi kwa mwenyewe. Zile mita za bei rahisi kabisa zinadanganya, tuchange tupate ya maana, na atakayekua anaitunza tumchague leo.

Ukinunua ya mtumba, ndugu zangu, mlango uuangalie kabla ya bei. Fungua funga mara kumi, sikia kulabu zinabofya zote mbili, piga tochi pembeni ya mlango na kwenye fremu utafute kutu, weusi, rangi iliyobanduka, angalia skrubu za nyuma kama zimefunguliwa na kukwaruzwa, maana hapo kuna mtu ameshaingia na hujui alifanya nini. Na soma kibandiko cha volti, za Japani ni 100, za Marekani ni 120, sisi tuna 230, ukichomeka moja kwa moja umeshaagana nayo.

Na ile iliyoshindikana? Msiuze nzima kwa vijana wa chuma chakavu. Wale wanavunja kwa nyundo, kapasita inaweza kua na chaji, na kwenye magnetroni kuna kauri ambayo kwenye baadhi ya mashine ina berilia, ikisagwa vumbi lake ni sumu kwenye mapafu. Fundi atoe chaji ya kapasita, akate waya wa plagi kabisa ili mtu asiiokote akaiwasha tena, magnetroni itoke ikiwa nzima bila kupasuliwa. Kulabu, springi, swichi nzima, sahani ya kioo, hizo weka stoo ziwe spea za wengine.

Mimi kwa upande wa maelezo nimefika mwisho. Zile mashine tatu mlizokuja nazo zilizowahi kuungwa dairekti tuzifungue moja moja hapa, plagi zote mezani kwanza, na swichi mpya ziko kwenye kile kiboksi.